Swali la Mama wa Gorogoro: Hotuba kwa Wanaoanza Blogu, Kisumu

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, kina mama na kina baba mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, na ninyi vijana ambao ndio mmejaza ukumbi huu, hamjambo. Nimeombwa nizungumze kuhusu namna ya kuanzisha blogu, na aliyenialika alinisihi kwa upole nisipitishe dakika arubaini. Nitajitahidi, ingawa mwalimu mstaafu akishapewa kipaza sauti, kumnyang'anya si kazi rahisi.

Naona wengi mmeshika kalamu mkingoja niwaambie mbonyeze wapi. Sehemu hiyo ni fupi, nami nitaimaliza sasa hivi. Blogger ilianza mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, na WordPress ilianza mwaka huo huo wa 2003. Zote mbili zinakupa ukurasa bila malipo, zote mbili zinafanya kazi kwenye simu, na mtu mwenye barua pepe anaweza kufungua blogu huku akisubiri chai ichemke. Ni zaidi ya miaka 20 sasa tangu kazi hiyo iache kuhitaji fundi. Ugumu huja mwezi wa tatu tangu ufungue, wakati makala ya kukaribisha wageni imeshasomwa na binamu zako wote, salamu zimekwisha, na wewe umeikodolea simu macho hujui uandike nini. Nimeona blogu nyingi za watu wa hapa kwetu zikikata roho katika mwezi huo, na karibu kila mara sababu ni moja: mwenyewe alifungua duka kabla hajajua jirani zake wananunua nini.

Kwa hiyo ningependa tuanze na jirani, yaani yule unayemjibu, halafu mengine yote, kuanzia kichwa cha makala na picha hadi anwani, sheria na fedha, tuyatazame tukiwa tumesimama hapo kando yake.

Blogu yangu inahusu omena, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Mnaweza kucheka, hata watoto wangu walicheka. Mama yangu aliuza omena katika soko la Kibuye tangu nikiwa mdogo, na shemeji yangu anauza papo hapo hadi leo. Nilipostaafu nilikuwa nikienda kukaa naye kibandani asubuhi, kazi yangu ikiwa kusoma gazeti na kulinda mifuko. Mteja wake mmoja, mama mwenye hoteli ndogo kule Kondele, alikuja kila wiki, na kila wiki alikuja na swali lile lile kuhusu gorogoro, lile kopo la kupimia sokoni: "Mwalimu, ziwa ni lile lile, omena ni ile ile, mbona gorogoro wiki jana ilikuwa bei nyingine na leo imeruka?" Shemeji yangu alimjibu kwamba ndivyo soko lilivyo. Mimi nilimwahidi kwamba nitamtafutia jibu, kwa sababu mwalimu hapati usingizi akiacha swali likining'inia darasani.

Nilipanda bodaboda hadi ufuo wa Dunga nikawauliza wavuvi, nao walinishangaa kwamba mtu wa umri wangu, mzaliwa wa kando ya ziwa, hajui jambo hilo. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Taa huelea juu ya maji, samaki hufuata mwanga, na wavu huzungushwa pale walipokusanyika. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote huwa na mwanga, taa hupoteza mvuto wake, samaki hutawanyika, mitumbwi hurudi ikiwa myepesi, na baada ya siku mbili tatu mama wa Kondele huisoma habari hiyo katika bei ya gorogoro. Ukiongeza siku za mvua, ambazo huzuia samaki kukauka vizuri, na ukiongeza kipindi cha kufungwa kwa uvuvi wa omena, ambacho kwa upande wetu wa Kenya huanzia 1 Aprili hadi 31 Julai, utakuwa umepata sehemu kubwa ya jibu. Niliandika maneno mia tatu hivi, nikayapa kichwa "Kwa nini bei ya omena hupanda mwezi ukiwa mpevu", nikayaweka mtandaoni. Wiki ya kwanza yalisomwa na watu 11, wanne kati yao wakiwa jamaa zangu niliowalazimisha.

Lakini binti wa yule mama alimsomea mama yake, naye akaanza kununua gunia wakati wa giza badala ya gorogoro wakati wa mbalamwezi. Alipokuja tena alikuwa na swali jipya: hilo gunia alihifadhi vipi lisiingiwe na wadudu? Makala ya pili ikawa hiyo. Ya tatu ikatoka kwa mteja aliyetaka kujua namna ya kutambua omena iliyoanikwa mchangani na ile iliyoanikwa juu ya nyavu au vichanja, kwa maana alichoka kutafuna mchanga. Ya nne ikatoka kwa mfugaji wa kuku aliyeuliza kama omena ya chakula cha kuku ndiyo hii tunayokula. Mwaka mzima sikukaa hata mara moja nikijiuliza niandike nini, kwa sababu maswali yalikuwa yakinifuata kibandani.

Wala si jambo dogo la sokoni peke yake. Januari 2008, wakati ghasia zilizofuata uchaguzi zilipokuwa zinaendelea, na wakubwa miongoni mwenu mnakumbuka mji huu ulivyokuwa, kila mtu alikuwa anauliza swali moja: kunatokea nini, na wapi? Mwanablogu Ory Okolloh alitoa wazo katika blogu yake kwamba wenye ujuzi wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha matukio hayo, na yeye na wenzake wakaijenga Ushahidi, ambayo miaka miwili baadaye ilitumika nchini Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Ilianza kama ombi katika ukurasa wa mtu mmoja, na jina lake likabaki neno la Kiswahili ambalo hata watu wasiojua Kiswahili wamejifunza kulitamka.

Sasa, kabla hujafungua chochote, chukua daftari la kurasa 32 na wiki nzima uandike kila swali ambalo mtu amekuuliza kuhusu kazi yako, mtaa wako au kile unachokifahamu kuliko wenzako. Ukipata maswali 20 una blogu. Ukipata matatu, basi huo si uwanja wako, utafute mwingine, na hilo halina aibu. Kijana mmoja aliniambia anataka kuandika kuhusu "maisha". Nilimuuliza anafanya kazi gani, akasema anatengeneza pikipiki karibu na stendi. Nikamwambia, mwanangu, wenye bodaboda wa mji huu wangapi wanajua kwa nini mnyororo hulegea upesi, au namna ya kutambua plagi bandia kabla hawajailipia? Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kuna fedha mfukoni mwake. Aliye Nakuru anaweza kuandika jinsi maji ya Ziwa Nakuru yalivyopanda na kuyafunika mashamba na njia alizokuwa akipita utotoni. Aliye Molo au Njoro ana viazi, na mkulima wa viazi ana maswali ya mbegu yasiyokwisha. Aliye Kakamega anaweza kutueleza kanuni za mapigano ya mafahali, nani humlisha fahali, nani huamua nani ameshinda, kwa sababu sisi wengine huona vumbi na filimbi tu. Kadiri uwanja wako unavyokuwa mwembamba ndivyo msomaji anavyokuamini upesi, na baadaye ukitaka kuupanua hakuna atakayekuzuia.

Nikija kwenye kichwa cha makala, hapo ndipo walimu wa lugha tunapopotea kuliko watu wote. Makala yangu ya kwanza nilitaka kuiita "Tafakuri juu ya rasilimali za ziwa na mustakabali wa kapu la mama". Ni maneno mazuri, lakini hakuna mtu duniani atakayeyaandika kwenye Google. Mama wa Kondele akichukua simu ataandika "bei ya omena leo" au "mbona omena imepanda". Kichwa kiseme maneno yake, kisha ndani ya makala ujimwage utakavyo. Na Kiswahili chetu kina utajiri mmoja ambao mwandishi hapaswi kuupoteza. Samaki huyu tunayemwita omena huitwa dagaa ng'ambo ya ziwa kule Tanzania, na Uganda humwita mukene. Nilipoingiza neno dagaa mara moja tu katika aya ya kwanza ya makala zangu, nilianza kupata wasomaji kutoka Mwanza, na mfanyabiashara mmoja wa huko alinirekebisha mambo mawili kuhusu ukaushaji ambayo sikuyajua. Google ina chombo cha bure kiitwacho Search Console, kinachokuonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi wakafika kwako. Kifungue mapema, kwa sababu maneno hayo ndiyo maswali ya watu ambao hutawahi kukutana nao kibandani.

Mtaniuliza kuhusu sheng. Mimi naandika Kiswahili sanifu kwa kuwa ndicho ninachokiweza, na kwa kuwa kinavuka mpaka wa Isebania na Busia bila kukwama. Lakini jina la kitu cha kazi liandike kama wenye kazi wanavyolitaja. Gorogoro ni gorogoro. Mgongo wazi ni mgongo wazi. Ukiandika "mabaki ya sangara yaliyoondolewa minofu" mwenye kuuza atadhani unazungumzia takataka.

Picha nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu ndipo wanaoanza wanapowaibia wasomaji wao bila kujua. Picha inayopigwa na simu ya siku hizi inaweza kuwa na megabaiti tatu, nne au zaidi. Tuseme umeandika makala nzuri kuhusu Kibuye ukaweka picha sita za megabaiti nne kila moja. Hizo ni megabaiti 24. Msomaji wako amenunua bando la megabaiti 50 kwa shilingi alizobakisha baada ya nauli, akafungua ukurasa wako mmoja, na karibu nusu ya bando imekwenda. Hatarudi, wala hatakuambia kwa nini. Picha hizo hizo ukizipunguza upana hadi pikseli 1200 na kuzihifadhi kwa ubora wa wastani, kila moja inaweza kushuka hadi kilobaiti 150 hivi, zote sita zisifike hata megabaiti moja, na kwenye kioo cha simu hakuna jicho litakaloona tofauti. Programu za kupunguza picha ni za bure na zipo tele. Mimi ninajipimia kwa njia rahisi: ninazima waifai, ninaingia katika blogu yangu kwa bando langu mwenyewe nikiwa ndani ya tuktuk, kisha ninatazama bando limepungua kiasi gani. Mwenye blogu ambaye huusoma ukurasa wake kwenye waifai ya ofisi peke yake ni kama mpishi asiyeonja.

Halafu piga picha zako mwenyewe. Picha uliyoikuta Google ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mwenye kazi ya maandishi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na picha ya kamera huilinda kwa miaka 50 tangu ilipopigwa au ilipochapishwa mara ya kwanza. Ukihitaji picha ya mwingine, tafuta kwenye Wikimedia Commons, hifadhi ya mtandaoni ya picha zinazoruhusiwa kutumiwa bure, soma masharti ya leseni chini ya picha, na umtaje aliyeipiga.

Kuna kosa la picha nililolifanya mimi ambalo halihusu hakimiliki. Nilimpiga picha mama mmoja akipima omena, uso wake unaonekana vizuri sana, nikaandika chini yake kwamba siku hiyo alikuwa ameuza magunia matatu kabla ya saa sita. Nilifikiri ninamsifu. Kumbe alikuwa amewaambia wenzake wa chama cha akiba kwamba biashara imelala, wamvumilie mwezi huo. Jioni ile ile walikuwa mlangoni kwake, simu mkononi, picha yangu ikiwaka kwenye kioo. Niliifuta mara moja, lakini ilikuwa imeshasambazwa katika makundi mawili ya WhatsApp, na kitu kikifika huko hakuna wa kukirudisha. Nilimwomba radhi mbele ya shemeji yangu, na alikaa majuma kadhaa akinijibu salamu kwa kichwa tu.

Siku hizi kanuni yangu ni kwamba ninaomba ruhusa kwa maneno, ninamwonyesha mtu picha yenyewe na maneno yatakayokaa chini yake, na akisita hata kidogo ninapiga picha ya mikono au ya gorogoro. Adabu inatosha kuwa sababu, lakini ipo pia Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inayolinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inayohesabu taarifa yoyote ya kumtambulisha mtu kuwa jambo la kushughulikiwa kwa uangalifu. Kumbuka vilevile kwamba picha ya simu huweza kubeba ndani yake mahali ilipopigiwa. Zima mpangilio huo kwenye kamera kabla hujamweka mtandaoni mtu aliyepigwa picha nyumbani kwake.

Kuhusu sheria nyingine sitawatisha. Ibara ya 33 inakupa uhuru wa kujieleza, na ibara hiyo hiyo inauondoa uhuru huo kwa uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki, tena inakutaka uheshimu haki na jina la mwenzako. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kuchafua jina la mtu kuwa kosa la jinai, lakini usishangilie mno, maana mtu huyo bado anaweza kukushtaki kwa madai na mahakama ikakuamuru umlipe fidia. Ipo pia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, ambayo ilipopitishwa iliadhibu kuchapisha habari ambazo mwandishi anajua ni za uongo. Mtu anayeandika alichokiona, akataja alikiona lini na wapi, amekaa pazuri mbele ya sheria hizi zote.

Kuna sheria moja ambayo wanablogu wetu hawaitumii kabisa, nayo inawafaa kuliko hizo nyingine. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma iamue ombi lako upesi iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya siku 21. Nilitaka kujua ushuru wa soko unaotozwa kwa gunia unaamuliwa vipi, kwa sababu kila muuzaji alikuwa na kauli yake. Niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa ofisi inayohusika, nikataja sheria hiyo kwa jina, nikabaki na nakala iliyopigwa muhuri. Jibu lilichelewa, na ilibidi nirudi mara mbili kukumbusha, lakini lilikuja likiwa na jedwali, na makala iliyotokana na jedwali hilo ndiyo ambayo wauzaji wameibandika ukutani. Barua ile ilinigharimu karatasi na nauli.

Tuzungumze sasa kuhusu anwani na mahali pa kuweka maandishi, na hapa nina majeraha mawili. La kwanza ni hili. Nilipotaka jina langu linaloishia kwa .ke, nilimpa kazi hiyo mpwa wangu, kijana mwerevu, naye akalisajili kwa barua pepe yake. Majina ya .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa na mawakala wake, na hulipiwa upya kila yakikaribia kuisha. Kumbusho la malipo lilikwenda kwa mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa Qatar na alikuwa ameacha kuifungua barua pepe ile. Jina likaisha muda, blogu ikapotea siku tisa, na simu yangu haikupumzika. Hata kama ni mwanao anayekufanyia kazi, jina lisajiliwe kwa barua pepe yako, nywila iwe yako, na tarehe ya malipo iandikwe kwenye kalenda ya ukutani.

Jeraha la pili lilikuwa baya zaidi. Nilikuwa nimehamia kwa kampuni ndogo iliyohifadhi tovuti kwa bei ya chini sana, na siku moja kampuni hiyo ilizimika pamoja na makala zangu za miaka miwili. Simu zao hazikupatikana. Baadhi ya kurasa nilizipata katika hifadhi ya Wayback Machine, ambayo huweka nakala za tovuti za dunia nzima, na nyingine niliziandika upya kutoka kwenye daftari, kwa sababu mimi ni mtu wa zamani na huandika kwa kalamu kwanza. Zilizobaki zimekwenda. Blogger na WordPress zote zina mahali pa kupakua maandishi yako yote kwa faili moja. Ifanye kazi hiyo kila mwisho wa mwezi, faili ikae kwenye flashi au ujitumie mwenyewe kwa barua pepe. Kwa anayeanza kabisa, shauri langu ni atumie jukwaa la bure kwa miezi sita ya kwanza, na anunue jina lake mwenyewe pale tu atakapoona kwamba maswali bado yanakuja. Usitegemee Facebook peke yake. Ni pazuri pa kutangazia kwamba umeandika, lakini makala ya mwaka jana huko huzama kama jiwe, na mtu anayelitafuta jibu lake leo hataliona.

Jambo la usahihi niliseme kwa mfano wa gorogoro yenyewe. Kwa miezi minane nilikuwa nikiandika "gorogoro ya omena leo ni shilingi kadhaa" na kujiona mtu wa takwimu. Kisha msomaji mmoja akaniandikia: mwalimu, gorogoro ya nani? Nilikwenda sokoni na mizani ndogo ya jikoni, nikanunua gorogoro mbili kwa bei moja kutoka vibanda viwili vilivyotazamana. Moja ilijazwa hadi ikawa na kilele, muuzaji akaongeza na ukonzi mmoja wa juu. Nyingine ilikuwa imebonyezwa kitako, kwa ndani inapanda kama mgongo wa kobe, na kwa macho huwezi kujua hadi uipapase. Mizani ilionyesha tofauti ambayo hata mimi, mtoto wa muuza omena, nilionea haya. Tangu siku hiyo ninaandika bei kwa kilo niliyoipima, ninataja saa na upande wa soko, na kila makala ina tarehe juu. Zile za zamani sikuzifuta. Niliongeza mstari juu ya kila moja kusema kwamba vipimo vyake si vya kutegemewa na kwa nini. Nilidhani wasomaji watanikimbia, na badala yake maswali yaliongezeka.

Fedha nitazitaja haraka kwa sababu hakuna mengi ya kusema. Matangazo ya Google AdSense hukulipa salio lako likifika dola 100, na kwa blogu ya mambo ya mtaani dola hizo huja polepole mno, kwa hiyo asiwepo mtu wa kuacha kazi. Kuanzia Julai 2023 malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo hifadhi karatasi zako. Blogu yangu imenilipa kwa njia ya pembeni: watu waliosoma wamenipa kazi za kutafsiri na kuhariri. Muuzaji akikulipa umsifu, sema wazi juu ya makala kwamba umelipwa. Kisumu ni mji mdogo na itajulikana tu.

Na uandike mara ngapi? Makala moja kila baada ya wiki mbili inatosha, mradi siku iwe ile ile. Usitangaze kwamba utaandika kila siku. Nimewahi kutangaza hivyo, na siku ya nne nilikuwa na malaria. Andika tano kwanza uziweke kando kabla ya kufungua mlango, ili mgonjwa akitokea nyumbani, au msiba ukakupeleka kijijini kwa juma zima, kama inavyotutokea sote, blogu iendelee kupumua. Wasomaji wakikuandikia, wajibu, hata kwa mstari mmoja. Akitokea wa kutukana, mfute na uendelee na chai yako.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Leo bado tuko Julai na ziwa limefungwa kwa omena, kwa hiyo mama wa Kondele ananipigia simu kuuliza ile inayotoka ng'ambo imefikia bei gani na kama angoje Agosti. Nimemwambia nitampa jibu kesho, kwa kuwa ni Jumapili na Kibuye kutakuwa kumejaa. Karatasi ziko mezani pale mlangoni. Kila mmoja achukue moja, aandike swali moja aliloulizwa juma hili na jina la mtaa aliouliziwa, kisha aniletee hapa mbele tulitazame pamoja. Nitakuwepo hadi saa kumi na moja, halafu itabidi niende kununua betri za mizani.